Feni Tulivu si Anasa ya Mjini: Kelele, Mwinuko na Ndege za Umeme katika Nyanda za Kibondo na Kasulu

Ikisiri

Tafiti za vyuo vikuu kuhusu feni tulivu na zenye ufanisi kwa ndege za umeme zimelenga miji, na mijadala ya Afrika Mashariki imezipokea kwa dhana hiyohiyo: utulivu wa chombo ni haja ya mjini, kijijini yatosha kibebe na kifike. Makala hii inapinga dhana hiyo kwa kuangalia nyanda za juu za Kigoma, hususan wilaya za Kibondo na Kasulu. Kwa hesabu za pangaboi katika hewa nyepesi na kwa matokeo ya tafiti za usikivu, inaonesha kwamba chombo kilekile hupiga kelele zaidi nyandani, na kwamba kelele hiyo husikika na kukera zaidi kuliko mjini. Inapendekeza Tanzania idai mapanga marefu yaliyo wazi na yanayozunguka polepole, badala ya feni fupi za ndani ya bomba zinazobuniwa kwa ajili ya mapaa ya maghorofa.

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya ndege zisizo na rubani barani Afrika kuna kauli iliyorudiwa hadi ikaacha kudaiwa ushahidi: kelele ni kero ya watu wa mjini, mwanakijiji anachotaka ni dawa ifike. Kauli hii ina mvuto. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hajali pangaboi linaunguruma kwa desibeli ngapi, na mtafiti atakayemuuliza swali hilo atakuwa amekosa adabu. Lakini ndani ya dai hilo la kimaadili limefichwa dai la kitaalamu, kwamba umuhimu wa kelele hupungua kadiri tunavyouacha mji. Dai hilo la pili halisimami.

Suala hili limekuwa la haraka. Rwanda ilianza kusambaza damu kwa ndege za kampuni ya Zipline mwaka 2016 kutoka Muhanga. Mwaka 2017 Tanzania nayo ilitangaza mpango wa vituo vinne vya kampuni hiyo, ambao haukuanza kama ulivyotangazwa. Mwaka 2018 ndege ya Wingcopter ilibeba dawa kutoka bara hadi kisiwa cha Ukerewe, umbali wa kilomita 60, kwa dakika 40 hivi. Kisha zikaja teksi za angani: mwaka 2022 kampuni tanzu ya Kenya Airways, Fahari Aviation, ilitia saini makubaliano ya awali na Eve ya Brazili kwa vyombo hadi 40 vya umeme vinavyopaa wima, na Septemba 2025 chombo cha EHang chenye mapangaboi 16 kilirushwa Kigali. Kigali iko kwenye mwinuko unaokaribiana na wa Kibondo. Teknolojia iliyochorwa kwa ajili ya miji ya pwani imeshafika milimani kwetu, na imekuja na vipimo vyake vya kelele.

Kibondo na Kasulu zimechaguliwa kwa sababu zinakusanya mahali pamoja mambo ambayo vipimo hivyo havikuyazingatia: nyanda ambazo sehemu kubwa yake iko kati ya mita 1,200 na 1,500 juu ya usawa wa bahari, vijiji vilivyotawanyika katikati ya miombo, masika yanayogeuza njia za ndani kuwa tope, hospitali chache, kama ile ya Kabanga, zinazotegemewa na zahanati za mbali, na historia ya kambi za wakimbizi, Nyarugusu iliyoanzishwa mwaka 1996 kwa Wakongo na Nduta iliyofunguliwa upya mwaka 2015 kwa Warundi.

2.0 Feni ya mjini: yanayokubalika na yanayobishaniwa

Kuhusu misingi ya pangaboi hakuna ubishi wa maana. Chombo kinapoelea mahali pamoja, nguvu ya chini kabisa kinayohitaji hupungua kadiri eneo linalofagiwa na mapanga linavyoongezeka. Ukizidisha eneo hilo mara mbili, nguvu hushuka hadi asilimia 71 hivi ya ile ya mwanzo. Kelele nayo hutawaliwa na kasi ya ncha ya panga. Nishati ya sauti hupanda kwa kipeo cha tano au cha sita cha kasi hiyo, na kwa sababu hiyo kupunguza kasi kidogo huleta utulivu mkubwa. Pangaboi pana linalozunguka polepole hushinda kwa hesabu zote mbili. Helikopta kubwa huweza kuelea kwa nguvu ndogo kwa kila kilo inayobeba, na feni ndogo ya kompyuta hulia kwa sababu haina njia nyingine ya kusukuma hewa ila kwa kukimbia.

Ubishi unaanza pale upana unapokosa nafasi. Mbunifu wa teksi ya angani anayetaka kutua juu ya ghorofa hana mita za kupoteza. Ndipo vyuo vikuu na maabara zao vilipotafuta njia za kupata utulivu bila upana. Njia ya kwanza ni kulizungushia pangaboi bomba. Kinadharia bomba lenye midomo mizuri huzuia mkondo wa hewa usibanwe chini ya feni, hivyo nguvu ya kuelea hushuka tena hadi asilimia 71 ya ile ya pangaboi wazi lenye eneo lilelile. Njia ya pili ni kuiga bundi. Tangu Graham aandike kuhusu ukimya wa ndege huyo mwaka 1934, wahandisi wamekuwa wakichonga meno na vinyweleo kwenye ukingo wa nyuma wa panga, wakipata nafuu ya desibeli chache. Njia ya tatu ni kuongeza idadi ya mapanga, kuyapanga kwa nafasi zisizolingana ili mlio mmoja mkali uvunjike, au kuyaunganisha ncha zake yawe pete, kama walivyofanya watafiti wa Maabara ya Lincoln ya MIT.

Matokeo si haba. Chombo cha kampuni ya Joby, kilipopimwa pamoja na NASA, kilisikika kwa desibeli 45.2 kikipita mita 500 juu. Kila mwamba ngozi huvutia kwake, na takwimu inayotangazwa na mtengenezaji isomwe hivyo. Hata hivyo ni takwimu nzuri. Swali la makala hii si kama ni kweli, bali ni nzuri wapi. Desibeli 45 humezwa Kariakoo. Katika kijiji kisicho na gari wala jenereta, ambako usiku sauti ya mazingira huweza kushuka hadi desibeli 30, desibeli 45 huweza kumwamsha mtu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa Ulaya, wa mwaka 2009, ulipendekeza wastani wa kelele za usiku nje ya nyumba usizidi desibeli 40.

3.0 Mwinuko unakula faida

Hebu tuchukue mwinuko wa mita 1,300 na mchana wa nyuzi 25 za Selsiasi. Densiti ya hewa hapo ni kilo 1.01 hivi kwa mita moja ya ujazo. Vipimo vya kawaida vya wahandisi huanzia usawa wa bahari kwenye nyuzi 15, ambako densiti ni 1.225. Upungufu ni asilimia 17. Mtu atasema Dar es Salaam nayo ina joto, na ni kweli. Kwa nyuzi 30 hewa ya pwani ina 1.16, na pengo hupungua hadi asilimia 13. Lakini kinachotangazwa kwenye karatasi za mtengenezaji ni kile cha hewa ya kawaida, si cha Dar es Salaam.

Pangaboi lilelile, likiinua mzigo uleule katika hewa hiyo, halina budi kuzunguka kwa kasi zaidi kwa asilimia 10 hivi, na nguvu inayohitajika kuelea hupanda kwa kiasi hichohicho. Betri inaisha mapema. Kwa upande wa kelele, ongezeko hilo la kasi ya ncha, ukiondoa nafuu ndogo ya hewa kuwa nyepesi, huleta takriban desibeli 1.5 hadi 2.5 za ziada, kutegemea aina ya kelele inayotawala.

Desibeli 2 zinaonekana kidogo, lakini tuzipime kwa mizani ya wanaotunga sheria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019 iliweka ukomo wa nguvu ya sauti ya ndege ndogo zisizo na rubani kuwa desibeli 85, ukashushwa hadi 83 baada ya miaka miwili, na hadi 81 baada ya miaka minne. Maana yake ni kwamba watunga kanuni wa Ulaya waliona desibeli 2 ni hatua inayostahili kupewa viwanda miaka miwili kuifikia. Kupandisha chombo kutoka hewa ya vipimo hadi Kasulu kunafuta hatua hiyo nzima kabla hakijabeba chochote. Cheti kilichopatikana katika nchi tambarare za Ulaya hakisemi ukweli wote kikisomwa Kibondo.

Kuna dawa, na ni nyepesi. Ukirefusha panga kwa asilimia 10, eneo linalofagiwa hukua kwa asilimia 21, na zao la densiti na eneo hurudi palepale. Kasi ya ncha haipandi, nguvu haipandi, na kelele haipandi. Pangaboi lililo wazi laweza kurefushwa hivyo kwa gharama ndogo, mradi mikono ya chombo iache nafasi. Feni ya ndani ya bomba haiwezi. Faida yake hutegemea pia mwanya mwembamba kati ya ncha na ukuta. Ukigusa urefu wa panga huna budi kulifinyanga bomba upya, na bomba pana ni zito, tena hupinga upepo chombo kinaposafiri. Ongeza vumbi la kiangazi linalokula kingo za panga na kuupanua mwanya huo, na utaona kwamba feni inayosifiwa kwa ufanisi katika maabara imebuniwa kwa safari fupi ya kutoka paa hadi paa. Safari za Kigoma hupimwa kwa makumi ya kilomita.

4.0 Usiku hauifichi sauti

Hoja ya mwinuko ni ya hesabu na sidhani itapingwa sana. Hoja nzito zaidi ni ya masikio. Mwaka 2020 Torija, Li na Self walichapisha utafiti ambamo wasikilizaji waliwekwa katika mandhari za sauti za mjini, mara bila ndege isiyo na rubani na mara ikiwa inaelea karibu. Penye magari mengi, kero waliyoiripoti ilipanda mara 1.3 tu baada ya ndege kuongezwa. Penye magari machache ilipanda hadi mara 6.4. Ndege ilikuwa ileile. Waandishi walihitimisha, kwa mantiki isiyo na kosa, kwamba ndege hizo zielekezwe kwenye njia za barabara zenye msongamano, ili kelele ya magari iifunike ya mapangaboi.

Tulipeleke hitimisho hilo Kibondo. Hakuna barabara yenye msongamano wa kuifunika ndege inayotua kwenye zahanati saa nane za usiku. Mwelekeo ambao utafiti huo uliuona ndani ya mji mmoja, kutoka barabara kuu hadi uchochoro mtulivu, ukiendelezwa unapita uchochoro na kufika kijijini. Wao hawakufika huko, na nakiri kwamba uwiano wa 6.4 hauwezi kuhamishwa kama ulivyo. Lakini hakuna sababu ya kifizikia ya kudhani kwamba mstari unapinda kurudi nyuma pindi unapovuka mpaka wa manispaa. Anayedai kwamba kelele ni kero ya mjini ndiye anayepaswa kueleza mstari huo unapindia wapi.

Jibu linalotolewa kwa kawaida ni kwamba kijiji cha tropiki si kimya. Nyenje, vyura na panzi huimba usiku kucha, na kipima sauti kikiwekwa kando ya bonde baada ya mvua huweza kuonesha desibeli 45 au zaidi. Basi, inasemwa, wadudu watafanya kazi ya magari.

Hapa ndipo kipimo kinapodanganya. Tangu kazi za Harvey Fletcher katika miaka ya 1940 inafahamika kwamba sauti hufunika sauti nyingine vizuri hasa pale zinapokuwa katika kanda moja ya masafa. Nyenje na jamaa zake wengi huimba kati ya hezi 3,000 na 8,000. Pangaboi lenye mapanga mawili likizunguka mara 6,000 kwa dakika hutoa mlio wake wa msingi kwenye hezi 200, na milio myambatani kwenye 400, 600 na kuendelea. Pangaboi kubwa la mapanga matano linalozunguka mara 1,000 kwa dakika hulia kwenye hezi 83. Kati ya wimbo wa nyenje na mngurumo huo kuna pengo pana ambalo sikio hulitenganisha bila taabu, kama tunavyomsikia mtwangaji upande wa pili wa mto ingawa wadudu wanapiga kelele. Injini ya lori na jenereta ndizo zilizo katika kanda ya pangaboi, na hizo ni mali ya mji.

Tatizo linazidishwa na desibeli tunazozitumia. Kipimo cha kawaida hupunguza uzito wa sauti nzito: kwenye hezi 200 huondoa desibeli 11 hivi, na kwenye hezi 100 huondoa 19, ilhali sauti za nyenje hazipunguzwi kabisa au hupunguzwa kidogo sana. Mkaguzi akija Kibondo na kifaa hicho ataandika kwamba mazingira yana desibeli 45 na ndege ina 42, kisha atahitimisha kuwa ndege haisikiki. Mwenyeji atakuwa ameisikia tangu ilipokuwa kilima cha tatu. Usiku wa nyandani una tabia nyingine pia: ardhi ikipoa, hewa baridi hulala bondeni chini ya hewa yenye joto, na sauti ambayo mchana ingepotelea angani hupindishwa kurudi chini na kufika mbali.

Hata desibeli zingelingana, mlio haulingani. Christian na Cabell wa NASA waliripoti mwaka 2017 kwamba wasikilizaji walikerwa na ndege ndogo zisizo na rubani kuliko magari ya barabarani ya kiwango kilekile cha sauti, kana kwamba ndege hizo zilikuwa na desibeli 5.6 zaidi. Wakazi wa Bonython, kitongoji cha Canberra, hawakuhitaji maabara kulijua hilo. Malalamiko yao dhidi ya majaribio ya ndege za kampuni ya Wing mwaka 2018 yaliilazimu kampuni hiyo kutafuta mapanga mengine. Katika Nyarugusu na Nduta suala lina uzito wa ziada. Kwa mtu aliyekimbia vita, mngurumo wa usiku usioonekana mwenyewe si kero tu.

Ajabu ni kwamba tafiti za ndege za afya Afrika zimeliacha jambo hili. Utafiti kuhusu Rwanda uliochapishwa katika Lancet Global Health mwaka 2022 ni wa kupigiwa mfano: ulionesha damu ikifika dakika 79 hadi 98 mapema kuliko kwa barabara, na chupa za damu zinazoharibika zikipungua kwa asilimia 67. Muda ulipimwa, damu ilipimwa, usingizi wa walio chini ya njia ya ndege haukuwemo katika swali. Silaumu utafiti kwa swali ambalo haukuuliza. Nalaumu wanaousoma kana kwamba uliuliza na kupata jibu la hapana.

5.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza linatoka kwa wahifadhi. Kuzunguka Tarangire, Manyara na Serengeti ndege zisizo na rubani zimetumika kufukuza tembo mashambani, na inafikiriwa kwamba mlio wao unawakumbusha tembo nyuki, ambao Lucy King alionesha nchini Kenya mwaka 2007 kuwa wanawahofia. Wilaya zinazopakana na pori la Moyowosi zingeweza kuitaka kelele hiyo. Jibu ni jepesi: kelele ya kufukuzia tembo ni chombo cha kuwashwa na kuzimwa, na spika ndogo yatosha. Feni inayolia wakati wote humlia tembo na mgonjwa bila kubagua.

Pili, husemwa kwamba ndege isiyosikika, katika wilaya za mpakani, huzaa wasiwasi mkubwa kuliko inayosikika. Pingamizi hili lina haki zaidi. Hata hivyo mlio haumwambii mtu ndege ni ya nani wala inakwenda wapi. Taarifa kupitia serikali ya kijiji, ratiba inayojulikana na taa inayoonekana hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, na kanuni za Mamlaka ya Usafiri wa Anga za mwaka 2018 ni mahali pazuri pa kuyaongeza masharti hayo.

Tatu, mhandisi atasema ndege yenye mabawa huelea kwa dakika chache tu, na safari iliyobaki husukumwa na pangaboi dogo lisilokazwa. Ni kweli kwa njia nzima, lakini hizo dakika chache hutumika penye wagonjwa. Zipline ilizikwepa Rwanda kwa kurusha ndege kwa manati na kudondosha mzigo kwa mwavuli. Ila mwavuli hausombi sampuli za makohozi kutoka zahanati kwenda maabara. Anayetaka huduma ya kwenda na kurudi, kama ilivyojaribiwa Ukerewe, lazima atue, na kutua wima ndiko kunakolia. Ama barabara ya lami ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, itapunguza haja ya ndege kando yake. Haitaipunguza kwa vijiji vilivyo mbali nayo, na hivyo ndivyo vyenye usiku mtulivu kuliko vyote.

6.0 Hitimisho

Nimedai kwamba chombo kilekile cha umeme, kikitoka mji wa pwani kwenda nyanda za Kigoma, hupiga kelele zaidi kwa sababu ya hewa, husikika zaidi kwa sababu hakuna sauti ya kanda yake inayokifunika, na hupimwa vibaya kwa sababu desibeli za kawaida humhesabu nyenje na kumpunguza pangaboi. Dai la kwanza ni la hesabu. La pili linategemea kuendeleza matokeo ya mjini hadi mahali ambapo hayajapimwa, na linaweza kurekebishwa na vipimo vya huko. Sitarajii ligeuzwe.

Mapendekezo ni matatu. Mosi, vibali vya ndege za umeme nchini vidai vipimo vya kelele katika mwinuko ambako chombo kitafanya kazi, vikionesha masafa na si jumla ya desibeli pekee. Kanuni za mazingira kuhusu kelele na mitetemo za mwaka 2015 zinaweza kupanuliwa kwa ajili hiyo. Pili, vyombo vya nyandani vipewe mapanga marefu na wazi, na zabuni za serikali ziseme hivyo waziwazi. Tatu, utafiti wenyewe uhamie juu. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kiko zaidi ya mita 1,600, na Taasisi ya Nelson Mandela iko kwenye miteremko ya Arusha. Zote mbili zina kitu ambacho maabara za pwani za Ulaya na Marekani hulazimika kukiiga kwa mitambo ya gharama, yaani hewa nyepesi. Benchi la kupimia msukumo, maikrofoni chache na uwanja wa wazi mbali na barabara vyatosha kuanzia.

Kama vipimo hivyo vitathibitisha hata nusu ya hoja hii, basi viwango vya utulivu vya ndege za umeme duniani vimeanzia mahali pasipofaa. Kiwango kilichowekwa kwa ajili ya barabara yenye magari kitashindwa kijijini, ilhali chombo kitakachovumilika Kibondo usiku kitavumilika popote.